UTALII NA ARDHI YA KIJIJI: NANI ANASHIRIKIANA NA NANI?

Siku hizi hapana hotuba ya utalii isiyotaja neno "ushirikiano". Mwekezaji hulitaja, halmashauri ya wilaya hulitaja, mfadhili kutoka nje hulitaja, na mwenyekiti wa kijiji naye hulitaja pale anapopokea madawati mbele ya wapiga picha. Neno likipendwa na watu wote kwa pamoja, hasa watu ambao masilahi yao hayafanani, ni wajibu wa kada kulichunguza. Punda na mwenye mzigo nao huenda sokoni pamoja na kufika saa moja. Lakini hapana mtu atakayesema kwamba wanashirikiana biashara.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo moja. Utalii unaodumu mahali hujengwa juu ya mkataba baina ya pande mbili ambazo kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hawezi kufanya kazi bila hicho. Zawadi haziwezi kuchukua nafasi ya mkataba huo, hata zikiwa nyingi. Kitu cha kijiji, kwanza kabisa, ni ardhi. Na baada ya ardhi ni kazi ya mikono na mazao ya shamba. Tutatumia mfano wa nchi inayoizunguka Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, mkoani Manyara. Huko, katika pande mbili za hifadhi hiyo hiyo moja, ushirikiano wa vijiji na wafanyabiashara wa utalii umejaribiwa kwa njia mbili tofauti, na mwanafunzi wa siasa anaweza kuzilinganisha.

MJADALA WA ZAMANI

Swali lenyewe si jipya. Mwaka 1970, miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha, vijana wa TANU Youth League katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mjadala mkali katika gazeti la The Standard: je, nchi inayojenga ujamaa yafaa itegemee utalii? Barua na majibu ya mjadala huo yalikusanywa na Issa Shivji, na mwaka 1973 yakatolewa kitabu na Tanzania Publishing House kwa jina la Tourism and Socialist Development. Wapo waliosema kwamba utalii unaleta fedha za kigeni na kwamba fedha hizo ndizo zitakazonunua mashine za viwanda. Wapo waliojibu kwamba nchi haiwezi kujitegemea huku ikiwafundisha vijana wake kuinamia meza za matajiri wa nje, na kwamba fedha zinazoingia kwa mlango wa mbele hutoka kwa mlango wa nyuma kununua vinywaji, nyama na mazulia ya hoteli.

Mjadala ule ulikuwa na mwanga mwingi, na hoja ya mlango wa nyuma tutairudia hapa chini. Lakini kwa sehemu kubwa pande zote mbili zilizungumza kama kwamba jambo hili ni baina ya Taifa na wageni tu. Mfugaji aliyekatazwa kisima na mkulima aliyeliwa mahindi na tembo hawakuonekana sana katika kurasa zile. Walidhaniwa wamo ndani ya neno "Taifa".

Yaliyofuata yanajulikana. Shirika la Utalii la umma lilijenga na kuendesha hoteli za kaskazini na za pwani. Mwaka 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, watalii waliozoea kupitia Nairobi wakapungua, na mpaka haukufunguliwa mpaka 1983. Katika miaka ya 1990 hoteli za umma ziliuzwa kwa watu binafsi na makampuni yakaongezeka. Wageni kutoka nje waliofika Tanzania mwaka 2019 walizidi milioni 1.5. Mwaka 2020, kwa ugonjwa wa korona, walishuka hadi laki 6 na kidogo. Mwaka 2024 walipita milioni 2.1. Biashara inayoweza kuanguka kwa zaidi ya nusu katika mwaka mmoja, kwa sababu ya jambo lililotokea mbali kabisa na nchi yetu, ni biashara ya kuifikiria kwa makini kabla kijiji hakijauza ng'ombe wake kwa kuitegemea.

MALI YENYEWE IKO WAPI?

Mtu anayetazama ramani huiona Tarangire imezungushiwa mstari. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970, na eneo lake linazidi kilometa za mraba 2,500. Hudhani basi kwamba mali inayowaleta watalii imo ndani ya mstari huo. Imo, lakini kwa sehemu ya mwaka tu. Wakati wa kiangazi mto Tarangire ndio maji ya kutegemewa katika nchi kavu yote ile. Tembo, nyumbu na punda milia hukusanyika pale, na ndipo magari ya watalii nayo hujaa. Mvua zikianza, nyumbu na punda milia hutoka. Wengine huenda kaskazini upande wa maziwa ya Manyara na Natron, na wengine wengi huenda mashariki kwenye nyika tambarare za Simanjiro.

Hawaendi kutembea. Nyasi za Simanjiro wakati wa mvua zina madini, hasa fosforasi, ambayo nyasi za ndani ya hifadhi hazina kwa kiasi cha kutosha, na nyumbu jike mwenye mimba au anayenyonyesha hawezi kufanya bila madini hayo. Huko ndiko wanakozalia. Mvua ikiisha na mabwawa yakikauka, wanarudi mtoni na ndama wao.

Tulitazame jambo hili kwa jicho la uchumi. Ndama wa nyumbu anayepigwa picha na mgeni mwezi wa Agosti ndani ya hifadhi amezaliwa juu ya ardhi ya kijiji, na maziwa aliyonyonya yametokana na majani ya ardhi ya kijiji. Hifadhi ni duka, na kiwanda kiko nje kwa wafugaji. Mwenye duka hukusanya kiingilio langoni, na mwenye hoteli hukusanya kodi ya chumba. Mwenye kiwanda kwa miaka mingi hakupata kitu isipokuwa hasara. Na kiwanda kikifungwa, yaani nyika ile ikilimwa yote au ikijengwa, duka halitakuwa na bidhaa hata likiwa na askari wengi namna gani. Kati ya miaka ya 1980 na miaka ya 2000 nyumbu wa Tarangire walipungua sana, na sababu moja kubwa ni kwamba njia zao na mazalio yao nje ya hifadhi yaliingiliwa na mashamba.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani watu wazima wote wenye miaka 18 na zaidi, ndio wenye kauli juu ya matumizi yake. Kijiji hakiji kwenye meza ya mazungumzo kama maskini anayeomba darasa. Kinakuja kama mwenye njia kuu ya uzalishaji. Bahati mbaya ni kwamba vijiji vingi havijafahamu hivyo, na baadhi ya viongozi wanaofahamu wanaona afadhali visifahamu.

TERRAT: MKATABA WA NYASI

Upande wa mashariki wa Tarangire, katika wilaya ya Simanjiro, kipo kijiji cha Terrat. Wakazi wake wengi ni Wamasai wafugaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijiji vya huko havikutaka kusikia neno "uhifadhi", na mtu asiyejua historia angeweza kuwaita wakaidi. Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1970 wafugaji walipoteza maji na malisho yao ya kiangazi. Tangu hapo kila afisa aliyefika na ramani mpya alionekana kuwa amekuja kumalizia kazi. Tunasema kwamba woga huo ulikuwa ni elimu ya siasa waliyoipata watu kwa gharama kubwa.

Wakati huo huo nyika ile ilikuwa ikiliwa kutoka upande mwingine. Katika miaka ya 1980 mashamba makubwa ya maharage ya mbegu yalifunguliwa Lolkisale na kandokando ya Simanjiro, mengi yakiwa ni ya watu wenye mitaji kutoka mjini, na baada yao wakafuata wakulima wadogo wadogo. Mfugaji alijikuta katikati: mbele yake hifadhi, nyuma yake trekta.

Katikati ya miaka ya 2000 kundi la makampuni ya utalii yanayopeleka wageni Tarangire lilifikiana na kijiji cha Terrat. Makampuni yangekilipa kijiji kiasi cha shilingi milioni 5 kila mwaka na kuwalipa askari wachache wa wanyamapori waliotoka kijijini hapo hapo. Kwa upande wake kijiji kingeiacha nyika ya mazalio bila kulimwa wala kujengwa makazi ya kudumu, na kingezuia uchomaji wa mkaa na ujangili. Ng'ombe wangeendelea kuchunga. Ardhi ingebaki kuwa ya kijiji, chini ya sheria ndogo za kijiji chenyewe. Baadaye kijiji jirani cha Sukuro nacho kikaingia katika mpango wa namna hiyo.

Inafaa tujiulize kwa nini watu walioikataa hifadhi waliukubali mkataba huu. Wapo watakaojibu kwamba ni kwa sababu ya fedha. Jibu hilo halitoshi, kwa maana fedha zenyewe zilikuwa kidogo. Kwa kijiji chenye maelfu ya watu, milioni 5 hazifiki hata bei ya fahali mmoja kwa boma. Sababu ya msingi ni kwamba mkataba ulikubaliana na njia ya uzalishaji ya wafugaji wenyewe. Wamasai tangu zamani hawapendi kuwachanganya ng'ombe na nyumbu wakati wa kuzaa, kwa sababu ndama wa nyumbu wana ugonjwa unaoua ng'ombe. Nyika ile huachiwa nyumbu wakati wa mvua, na ng'ombe huingia baadaye nyumbu wakishaondoka. Nyasi ni zile zile, wenye kuzila ni wawili, na zamu zao zimepangwa na maumbile. Mkulima wa trekta peke yake ndiye asiyekuwa na zamu. Kwa hiyo mfugaji aliukuta mkataba unaomlipa alinde kitu alichokuwa akitaka kukilinda, na unaompa karatasi ya kumwonyesha mtu wa trekta.

Pia hapakuwa na mtu aliyepokonywa kitu. Kijiji kingeweza kuuvunja mkataba, na kampuni nazo zingeweza kuacha kulipa, na kila upande ulijua kwamba mwenzake anaweza. Uwezo wa kusema hapana ndio unaotofautisha mkataba na amri.

Hata hivyo tusiupambe mfano huu kupita kiasi. Kiingilio cha mgeni mmoja mtu mzima Tarangire katika miaka ya karibuni kimekuwa karibu dola 50 kwa siku. Malipo yale ya mwaka mzima kwa Terrat, yaliyokuwa kama dola 4,500 kwa thamani ya wakati ule, ni sawa na kiingilio cha watalii wasiofika mia moja. Na makampuni yaliyochangia yalikuwa machache. Makampuni mengine yote yaliyoleta wageni Tarangire yaliendelea kuuza ndama wa Terrat bila kutoa hata senti moja. Huu ndio mpaka wa hisani ya wafanyabiashara: mwema analipa, mjanja anakula, na baada ya miaka michache mwema naye anajiona mjinga. Jambo la manufaa ya wote haliwezi kutegemea moyo mzuri wa wachache. Linahitaji kanuni inayomgusa kila anayefaidika, na kanuni ya namna hiyo hutungwa na dola.

BURUNGE: DOLA INAPOINGIA

Basi tuvuke upande wa pili, kaskazini magharibi ya Tarangire, wilaya ya Babati, mahali ambapo wanyama hupita kwenda Ziwa Manyara na ambapo barabara kuu ya kutoka Makuyuni kwenda Babati inakata njia yao. Huko kanuni ilikuja. Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 ilikubali kwamba wanavijiji wana haki ya kusimamia na kufaidi wanyama walio katika ardhi yao, na kanuni za mwaka 2002 zikaweka utaratibu. Vijiji hutenga sehemu ya ardhi, huunda jumuiya yao, na Serikali huipa jumuiya hiyo idhini ya kuingia mikataba na wawekezaji. Jumuiya ya Burunge, JUHIBU kwa kifupi, iliyounganisha vijiji kumi, ilipata idhini mwaka 2006. Nchini kote jumuiya zilizopata idhini sasa zinazidi 20, na Burunge imekuwa miongoni mwa zile zinazoingiza mapato makubwa zaidi kwa utalii wa picha.

Kwa maneno ya maandishi huu ni utaratibu bora kuliko wa Terrat. Mwekezaji halipi kwa hisani, hulipa kwa sheria. Kanuni za mwanzo ziliagiza kwamba katika mapato ya jumuiya, kiasi kisichopungua asilimia 50 kiende kwenye vijiji wanachama, asilimia 25 kiimarishe jumuiya, na asilimia 15 kitumike kulinda maliasili yenyewe.

Lakini mwaka hadi mwaka Burunge imekuwa na migogoro, na kada anayetaka kujifunza hana budi kutazama migogoro kuliko sherehe. Kijiji cha Minjingu, kile ambacho watu wengi wanakijua kwa kiwanda chake cha mbolea ya fosfeti, kilifika mahali pa kutaka kujitoa katika jumuiya. Kuna mambo matatu yaliyoungana.

La kwanza ni njia ya fedha. Kwa miaka mingi malipo ya wawekezaji yalipitia kwanza serikalini, yakagawanywa huko, ndipo fungu la jumuiya likateremka. Kijiji kilichokuwa kimezoea kupokea malipo moja kwa moja kwa mwekezaji wake, na kumfuata hotelini akichelewa, sasa kilingoja fedha zisizojulikana zitakuja lini. Tena, fedha iliyopitia mikono mingi hata isipopunguzwa huacha mashaka, na mashaka ni adui wa ushirika wo wote.

La pili ni mgawanyo baina ya vijiji. Hoteli hazikujengwa sawasawa katika vijiji kumi. Zipo kwa wachache. Kijiji chenye hoteli na tembo kinapopata fungu sawa na kijiji kisicho na hoteli, kinasema kinanyonywa na wenzake. Kijiji kisicho na hoteli kinajibu kwamba nacho kimeacha kulima sehemu ya ardhi yake ili wanyama wapite, na bila njia hiyo hoteli ya jirani isingekuwa na kitu cha kuonyesha. Wote wawili wana hoja. Tunaona kwamba aliyeacha ardhi zaidi na anayeliwa mazao zaidi angestahili fungu zaidi, na si rahisi kukubali kwamba usawa wa hesabu ndio haki. Lakini uamuzi huo ni wa vijiji vyenyewe kukaa na kuukata, na hapo ndipo wengi walipoona hawakupewa nafasi.

La tatu ni kutoka. Kuingia katika jumuiya kulikuwa rahisi. Mihutasari ya mikutano ilitiwa sahihi na mambo yakaenda. Kutoka kumekuwa kugumu mno. Tukikumbuka tuliyosema juu ya Terrat, tutaona tofauti yenyewe ni hapo. Kijiji ambacho hakiwezi kusema hapana kimepoteza ile nguvu iliyokuwa ikimfanya mwekezaji na afisa wamsikilize. Kinabaki mjumbe katika jumuiya yenye jina lake.

Ndugu msomaji asituelewe vibaya, akadhani tunasema dola ikae mbali na vijiji vipatane na makampuni kila kimoja kivyake. Hiyo ingekuwa ni kuwakabidhi kuku kwa kicheche mmoja mmoja. Kampuni yenye wanasheria ikikutana na kijiji kimoja chenye njaa, bei itashuka. Ikikutana na vijiji kumi vilivyoshikana, itapanda. Kinachotakiwa ni kanuni ya dola inayomlazimisha kila mfanyabiashara alipe, pamoja na haki ya kijiji iliyo hai, ya kupanga, kupokea moja kwa moja, na kukataa.

FIDIA AU KIFUTA JASHO?

Lugha nayo ni uwanja wa siasa. Tembo akila shamba, sheria yetu haisemi kwamba mkulima atalipwa fidia. Kanuni za mwaka 2011 zinasema atapewa "kifuta jasho", na mtu akiuawa na mnyama, wafiwa watapewa "kifuta machozi". Viwango vilivyowekwa na kanuni hizo havikuzidi shilingi 100,000 kwa ekari, na ekari zilizohesabiwa hazikuzidi tano. Kifuta machozi cha mtu aliyekufa kiliwekwa shilingi milioni moja.

Majina hayo yana ukweli wake. Fidia ni haki ya mtu aliyeharibiwa mali, na hupimwa kwa thamani ya mali. Kitambaa cha kufuta jasho hupimwa kwa huruma ya anayekitoa. Serikali ina hoja kwamba haikumtuma tembo na haiwezi kubeba hasara yote, na hoja hiyo ina uzito katika nchi yenye bajeti kama yetu. Lakini mwenye hoteli anamhesabu tembo huyo katika mapato yake. Ikiwa tembo ni mali akiwa mtoni, yafaa awe mali akiwa shambani pia, na gharama yake iingie katika bei ya chumba kama inavyoingia gharama ya dizeli ya jenereta. Mkataba wa kijiji na mwekezaji usiokuwa na kifungu cha mazao yaliyoliwa ni mkataba nusu.

JIKO LA HOTELI

Sasa turudi kwenye mlango wa nyuma, ule waliousema vijana wa 1970. Mwaka 2009 watafiti kutoka London walichunguza fedha anazotumia mgeni akiwa nchini katika utalii wa kaskazini, wakauliza ni kiasi gani kinamfikia mtu wa kipato cha chini. Katika safari za kuangalia wanyama walikuta ni kama asilimia 18. Katika kupanda Mlima Kilimanjaro walikuta asilimia 28. Uchunguzi mwingine uliofanyika Zanzibar mwaka 2010 ulikuta kama asilimia 10 tu.

Kwa nini mlima uzidi mbuga? Matajiri wa mlimani si wema kuliko wa mbugani. Ugomvi wa malipo ya wapagazi ni wa miaka mingi, na mzani uliowekwa langoni ili mpagazi asibebeshwe zaidi ya kilo 20 haukuwekwa bila sababu. Jibu liko katika kazi yenyewe. Mlima haupandwi kwa gari. Kila mgeni anahitaji kiongozi, mpishi na wapagazi kadhaa, na chakula cha siku sita kinanunuliwa katika masoko ya Moshi na Arusha: viazi, karoti, ndizi, mayai. Mahali ambapo kazi ya mikono na mazao ya shamba vimo ndani ya bidhaa yenyewe, hapo fungu la mwananchi linakua. Mgeni anapolala ndani ya ukuta wa hoteli ya pwani ambayo chakula chake kinatoka mbali, fungu hilo linanyauka.

Kandokando ya Tarangire mazao si haba. Kuna mchele wa Magugu unaosifiwa hadi Dar es Salaam. Kuna ndizi za Mto wa Mbu, vitunguu vya bonde la Ziwa Eyasi, mahindi na maharage ya Babati, mbuzi na asali. Lakini gari la hoteli hulipita soko la Magugu likienda kununua Arusha. Makada wengine wamezoea kueleza jambo hili kwa dharau ya mwenye hoteli kwa mwananchi. Dharau ipo, ila maelezo hayo hayatusaidii kuondoa tatizo. Mwenye hoteli anataka kilo zile zile kila Jumanne, za ukubwa mmoja, na risiti ya mashine ya kodi. Halafu analipa baada ya siku 30, mara nyingine 60. Mkulima ana magunia mengi mwezi mmoja na hana kitu miezi mitatu. Hana risiti, na hawezi kungoja siku 60 kwa sababu ada ya shule haingoji. Kwa hiyo anayemuuzia mwenye hoteli ni mchuuzi wa mjini mwenye mtaji wa kungoja, na faida ya kungoja inakwenda kwake.

Ugonjwa huo una dawa, nayo ni ushirika. Wakulima thelathini wakipanga zamu za kupanda, mmoja akivuna nyanya wiki hii na mwingine wiki ijayo, hoteli itapata kilo zake kila Jumanne. Chama chao kikiwa na akaunti na risiti, na kikikopa akiba ya kuwalipa wanachama papo hapo wakati hoteli inachelewa, mchuuzi hana tena nafasi ya kusimama katikati. Na hapa ardhi inakuja kusaidia jiko: kijiji kinachompangisha mwekezaji eneo la kujenga kambi kinaweza kuandika katika mkataba ule ule kwamba sehemu fulani ya mboga, nyama na mayai itanunuliwa kwa ushirika wa hapo, kwa bei ya soko, na kulipwa ndani ya siku kadhaa zinazotajwa. Kitu kinachoombwa baada ya mkataba kutiwa sahihi kitatolewa kama zawadi, na zawadi hukoma meneja akihama.

KIJIJI SI KITU KIMOJA

Tumekuwa tukisema "kijiji" kama kwamba ni mtu mmoja. Hilo ni kosa la lugha ambalo kada hana budi kulisahihisha anapofika mahali pa kazi. Ndani ya kijiji yupo mwenye ng'ombe mia nane na yupo mchungaji wa kuajiriwa. Wapo wanawake wanaokata kuni katika eneo lililotengwa na wanaokuwa wa kwanza kukatazwa, ingawa hawakuwapo pale mpango ulipokubaliwa. Wapo wafugaji wadogo waliohamia zamani ambao jina lao halimo katika orodha ya wenye haki. Na yupo mwenyekiti mwenye simu ya mwekezaji mfukoni.

Fedha za utalii zikiingia katika kijiji cha namna hiyo bila siasa safi, zitazaa tabaka dogo la watu wa posho: wajumbe wanaosafiri semina hadi semina, na wanaoona kwamba mwekezaji ndiye bosi wao badala ya Mkutano Mkuu. Mtu huyo hataki mkataba usomwe. Na mikataba mingi imekuwa ikiandikwa kwa Kiingereza, ingawa tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu na ya mahakama zetu. Hapana kisingizio tena. Mkataba unaohusu ardhi ya Wamasai, Wambugwe au Wairaqw usomwe wote kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, mbele ya Mkutano Mkuu, na pale ambapo wazee hawakisikii Kiswahili vizuri usomwe kwa lugha yao, na ijulikane nani anakubali na nani hakubali kabla mtu hajashika kalamu.

Mkutano Mkuu wa Kijiji kwa utaratibu hukutana kila miezi mitatu. Katika kila mkutano hesabu ya fedha za utalii isomwe: kiasi kilichopokelewa, tarehe ya kupokelewa, kilichotumika, na kilichobaki benki. Isomwe pia orodha ya ekari zilizoliwa na wanyama na majina ya waliolipwa. Kada anayehudhuria asikae meza kuu. Akae upande wa akina mama, asikilize minong'ono wakati hesabu inasomwa, na mkutano ukiisha aende na katibu wa kijiji kutazama kitabu chenyewe cha benki.